Ufa chini ya rangi

Sisi wa atelye tunataka kuwaambia jambo lililotupata, ili wengine wasirudie kosa letu.

Baba mmoja wa Mudzi-Pela alituomba porbagaji ya kinga yake, maana anapeleka mihogo kwenye soko ya Bunia, gunia mbili kila safari. Tulichukua chuma cha duara cha milimeta 10, tukakifunga ndani ya etau, tukakikunja baridi. Tulifika digrii 90 kamili, lakini tulipoachilia, chuma kilirudi nyuma kidogo. Ndiyo tabia yake: lazima upite kipimo kidogo, ili kikirudi kikae sawa. Sisi tukapiga nyundo kwa nguvu, tukapitisha mno, tukanyoosha, tukakunja tena palepale. Mara tatu!

Mwisho kona ilikuwa nzuri. Lakini upande wa nje tuliona mstari mwembamba kama unywele. Mmoja wetu akasema: «Haina shida, rangi itafunika.» Wengine tulinyamaza tu. Tukapaka rangi.

Juma la pili chuma kilivunjika kwenye mteremko. Baba alianguka na mihogo yake, akaumia goti. Alituletea vipande viwili bila kutukana, na hiyo ilituuma zaidi.

Fundi wetu alituonyesha mahali palipovunjika. Sehemu moja ilikuwa inang'aa. Nyingine ilikuwa na kutu, na rangi yetu imeingia ndani. Kumbe ufa ulikuwa wa siku nyingi.

Alitueleza hivi: ukikunja chuma, upande wa nje unavutwa, wa ndani unabanwa. Ukikikunja na kukinyoosha baridi mara nyingi palepale, kinakuwa kigumu, hakinyumbuki tena, kisha kinapasuka. Kona kali inazidisha hatari. Afadhali kukizungusha juu ya kitu cha mviringo. Kama umekosea, kipashe moto mpaka kiwe chekundu, kisha ukiache kipoe polepole, usikitie ndani ya maji.

Na tiyo? Ikiwa tupu inabonyea kwenye kona. Ijaze mchanga, uzibe ncha mbili. Lakini mchanga uwe mkavu kabisa! Ukiwa na maji, ukiipasha moto, mvuke unaweza kurusha kizibo usoni mwako.

Tulimtengenezea yule baba porbagaji ingine bila malipo. Kipande kilichovunjika tumekitundika kwenye mlango wa atelye. Wandugu, ukiona ufa, sema mbele ya kupaka rangi.