Deni la Dawa

Dawa ya deni ni kulipa, walisema wahenga, na walisema kweli. Lakini methali hii yamtazama mtu aliyekopa kwa hiari yake, kwa ajili ya harusi, shamba au biashara. Haikumtazama yule ambaye deni lake ni bei ya uhai.

Tazama hali ya seremala mmoja wa Ohio, katika Marekani, mwenye umri wa miaka 63. Maisha yake yote hakuchelewesha haki ya mtu. Karakana alimofanya kazi ikafungwa, na bima iliyofuatana na kazi ikakoma. Kabla hajapata nyingine mke wake akashikwa na maradhi ya moyo, akapasuliwa, akapona. Furaha haijatulia, hati za madai zikaanza kuingia. Medicare, bima ya serikali iliyotungiwa sheria mwaka 1965, huwapokea wazee kwa kawaida watimizapo miaka 65. Mke alikuwa na miaka 62. Maradhi hayakungoja.

Njia zilikuwa mbili: kuvunja akiba ya uzeeni ili alipe, au kwenda mahakamani atangazwe muflisi. Moyo wake uliipenda ya kwanza, maana ilikuwa na heshima. Neno muflisi lilimwingia sikioni kama tusi. Lakini sheria ya nchi ile ina jambo la ajabu. Akiba iliyomo katika mfuko wa uzeeni unaotambuliwa na sheria aghalabu hulindwa, wawia wasiiguse. Mwenyewe akiitoa kwa mkono wake huitupa ngao yake, na mara nyingi hutozwa kodi. Wako waliokula akiba hiyo kwa kuogopa aibu, kisha wakafika mahakamani mikono mitupu.

Mahakama nayo ina milango. Mlango wa 7 wa sheria ya kufilisika ya mwaka 1978 waweza kufuta madeni ya hospitali, lakini habari yake hukaa katika kumbukumbu za mikopo hata miaka 10. Mlango wa 13 humtaka mdeni alipe kidogo kidogo kwa miaka 3 mpaka 5. Kwa kijana miaka mitano ni sehemu ya safari. Kwa mtu wa miaka 63 ni machweo yenyewe.

Kulikuwa na kizuizi kingine. Binti yao alitia sahihi hospitalini kuwa mdhamini, na Mlango wa 7 humfungua mdeni, haumfungui mdhamini. Baba akitua mzigo, mtoto atautwaa.

Usiku mmoja mke alimwuliza, “Ungalijua bei, ungaliniacha nife?” Akajibu, “Hata kidogo.” Mke akasema, “Basi usilionee haya.”

Asubuhi yake alifanya jambo ambalo hakupata kulifanya maishani: aliandika barua ya kuomba. Sheria ya mwaka 2010 yazitaka hospitali zisizotafuta faida ziwe na utaratibu ulioandikwa wa kuwasaidia wasio na uwezo. Akiba hakuigusa, mahakama aliiweka nyuma, kama mtu awekavyo mwavuli mlangoni.

Kulipa ni dawa ya deni, lakini tabibu mwema hampi mgonjwa dawa ya kumwua. Heshima ya mdeni haimo katika kujifukarisha kwa siri. Imo katika kusema kweli juu ya uwezo wake, na kutomtwika mwingine mzigo wake.