Kampala: Kukikagua Chuo kwa Miguu

Mzazi anayetaka kumpeleka mwanawe Chuo Kikuu cha Makerere, nchini Uganda, asitosheke na karatasi za maombi. Yafaa wote wawili wafike Kampala siku ya masomo, wapande kilima cha Makerere asubuhi na kujionea wenyewe.

Chuo hicho kilianza mwaka 1922 kikiwa shule ya ufundi. Mwalimu Julius Nyerere alisoma hapo kati ya 1943 na 1945. Jengo kuu lenye mnara, lililokamilika mwaka 1941, liliteketea Septemba 2020, likajengwa upya na kufunguliwa mwaka 2024. Lakini mnara si masomo. Waombe ruhusa ya kuingia maktaba, waone kama viti vinatosha. Wawaulize wanafunzi wanalala wapi na kwa kodi gani.

Adhuhuri washuke Wandegeya, chini ya kilima, wale wanakokula wanafunzi: matoke kwa mchuzi wa karanga, au chapati iliyoviringishwa na mayai, iitwayo rolex. Bei ya sahani moja itamsaidia mzazi kukadiria posho ya mwezi.

Alasiri wazuru Kasubi, walikozikwa makabaka wanne wa Buganda. Nyumba kuu ya nyasi iliungua mwaka 2010, nayo ikajengwa upya. Atakayeishi ugenini miaka kadhaa hana budi kujua wenyeji wake wanaheshimu nini.

Jioni mzazi amwachie mwana aseme kwanza, kwani ndiye atakayebaki huko.