Joka la Vichwa Saba Barabara ya Rusumo

Kabla hujacheka, ndugu msomaji, naomba nikwambie kwamba likizo iliyopita niliua joka lenye vichwa saba. Nililiua nyumbani kwetu Ngara, barazani, tukiwa tumekaa kwenye mkeka, na silaha iliyolimaliza ilikuwa kijinga cha moto. Sikuwa peke yangu. Tulikuwa wanne, na mmoja wetu kazi yake ni bodaboda. Ila kabla sijaliua, joka lilelile lilishaniua mimi mara moja, hapahapa chuoni, chumba cha hosteli, muhula wa pili.

Mchezo wenyewe unaitwa Dungeons & Dragons. Ulitoka Marekani mwaka 1974, wabunifu wake ni Gary Gygax na Dave Arneson. Hauchezwi kama bao wala drafti, kwa sababu hakuna anayemfunga mwenzake. Mnakaa, mmoja wenu anakuwa msimulizi, na wengine kila mmoja anakuwa na mhusika wake: mpiganaji, mwizi, mganga, mchawi. Msimulizi anasema, "Mko msituni, giza linaingia, mnasikia kitu kinapumua. Mnafanya nini?" Unasema unachofanya. Jambo likiwa gumu, unarusha dadu la pande 20. Ukipata kubwa umefanikiwa, ukipata 1 pole yako.

Januari 2023 kanuni za msingi za mchezo huu ziliwekwa chini ya leseni huru, kwa hiyo hata mwanafunzi ambaye bumu limekata anazipakua bure. Sisi tulizipakua kwa bando la usiku. Dadu la pande 20 hatukuwa nalo, na sijui duka gani la mjini lingekuwa nalo. Tukaokota vizibo 20 vya soda, tukaviandika namba kwa maka peni, tukavitia kwenye soksi. Unachomoa kimoja, unasoma, unarudisha. Kazi inaendelea.

Najua kuna watakaosema huu ni uzungu mtupu. Waliokaa kwenye darasa la fasihi simulizi watanielewa. Katika hadithi za Zanzibar alizozikusanya Edward Steere na kuzichapisha mwaka 1870 kuna ile ya Sultani Majinuni na paka wake. Paka alianza kula ndama, watu wakashtaki. Sultani akajibu kwamba paka ni wake na ng'ombe ni wake, muacheni. Akala mbuzi, akala ngamia, jibu likawa lilelile, mpaka paka akaingia porini na kuwa nunda mla watu, na akawala hata watoto wa Sultani. Kijana mmoja wa Sultani ndiye aliyeingia porini kumtafuta. Akaua mbwa, akaleta, mama yake akamwambia huyu siye. Akaua twiga, huyu siye. Kifaru, tembo, wote sio. Mpaka siku alipomuua mwenyewe. Ukiitazama vizuri, hiyo ni kampeni nzima ya Dungeons & Dragons, ilikosa vizibo tu.

Sasa nirudi hosteli. Msimulizi wetu ni jamaa yangu wa Biharamulo, tumesoma wote tangu sekondari. Siku hiyo alituletea haidra, joka la majini lenye vichwa vitano na pointi 172 za uhai. Tulikuwa wachezaji watatu, mimi nikiwa mchawi. Tukakata kichwa cha kwanza, tukashangilia hadi wa chumba cha pili wakagonga ukuta. Zamu ya joka ilipoisha, pale palipokatwa vikaota viwili. Tukakata tena, vikaota viwili tena. Tulifika vichwa vinane, tukafa mmoja mmoja. Mimi nilikufa wa mwisho, na nilikufa nikiwa na makombora mawili ya moto ambayo sikuyatumia. Nilikuwa nayatunza nikidhani mbele kuna adui mkubwa zaidi.

Tukamuuliza Msimulizi: lile joka linauawaje? Akatabasamu tu. "Siku mkiuliza ndani ya mchezo, mtajibiwa."

Wiki ileile UE zikaanza, na matokeo yalipotoka nilikuwa na sapu tatu.

Hapa ndipo hadithi yangu inapoanza kuniuma. Baba alipiga simu. "Matokeo vipi, mwanangu?" Nikasema bado hayajatoka. Uongo mdogo tu, wa kununua wiki moja. Ila sapu zinafanywa kabla ya mwaka mpya wa masomo, kwa hiyo nilihitaji sababu ya kurudi chuo mapema, na nilihitaji nauli na hela ya kula. Nikasema kuna mafunzo kwa vitendo. Baba akauliza mafunzo ya wapi, nikataja shule. Mama akasema pale anafundisha binti wa rafiki yake wa kwaya, atampigia anipokee. Nikasema hapana, wamebadilisha, ni shule nyingine. Kufikia katikati ya likizo nilikuwa nimeandika kwenye simu orodha ya nilichomwambia nani, nisije nikajichanganya. Baba alishatenga mbuzi wa kuuza kwa ajili ya hayo "mafunzo". Kila asubuhi nilikuwa namuona yule mbuzi amefungwa karibu na migomba, ananitazama.

Msimulizi alikuja kututembelea kutoka Biharamulo siku tatu, na soksi yake. Mdogo wangu wa kike, yuko kidato cha tatu, akaomba kucheza, akawa mpiganaji. Binamu yangu wa bodaboda akawa mwizi, akasema ndiyo kazi pekee asiyoruhusiwa kuifanya mchana. Na Msimulizi, makusudi kabisa, akaliweka joka lilelile kwenye barabara tunayoijua wote: ile inayotoka Lusahunga, inapita Nyakahura, inaingia porini mpaka Benaco na kushuka Rusumo kwenye daraja la Mto Kagera. Sehemu ya pori lile leo imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoanzishwa mwaka 2019. Kwenye mchezo wetu, joka lilikuwa limelala katikati ya lami na malori ya Kigali yalikuwa hayapiti.

Baba alikuwa pembeni anapukuchua mahindi. Zamani, kabla hajarudi shambani, alikuwa utingo wa malori kwenye barabara hiyohiyo, miaka ile ambayo majambazi wenye silaha waliteka magari porini na msafara ulikuwa lazima usindikizwe na askari. Akatusikia tunapanga kutoka Nyakahura usiku watatu peke yetu.

"Hapo hamfiki," akasema.

Tukanyamaza. Baba hajawahi kuingilia mchezo wowote, hata wa mpira.

"Pale hakuna aliyekuwa anapita peke yake. Tulikuwa tunasubiriana. Magari yakishakuwa mengi, askari anapanda la mbele, mwingine la nyuma, ndiyo mnaondoka. Umechelewa? Unalala hapohapo mpaka kesho. Na kabla ya kuondoka mnawauliza waliotoka upande wa pili: njia ikoje? Kuna dereva mmoja alijiona mjanja, akaondoka kimyakimya, hakuuliza mtu. Alirudi asubuhi kwa miguu, peku."

Akaendelea na mahindi yake. Mdogo wangu akamgeukia Msimulizi. "Haya. Mimi siondoki. Nakaa Nyakahura namtafuta dereva aliyetoka Rusumo, namuuliza amepitaje."

Msimulizi akamwambia achomoe kizibo. Akapata 16. Basi kukatokea dereva mzee, macho mekundu kwa usingizi, akasema: "Mimi nilipita na kijinga cha moto mkononi. Likiguswa na moto, panapokatwa hapaoti."

Nilihisi damu inanipanda usoni. Hiyo ndiyo kanuni yenyewe, imeandikwa wazi. Joka likipigwa pointi 25 au zaidi kwenye zamu moja, kichwa kimoja kinakufa. Zamu yake ikiisha, vinaota viwili mahali pake, isipokuwa kama limeguswa na moto tangu zamu yake iliyopita. Na kanuni haisemi moto mkubwa kiasi gani. Hata wa kijinga unatosha. Nami hosteli nilikufa na makombora mawili mfukoni, kwa sababu sikumuuliza mtu na nilikuwa nasubiri wakati mzuri zaidi.

Tukasubiri msafara, tukaondoka na malori kumi. Hata hivyo mambo hayakwenda kirahisi. Vijinga vilizimika mara mbili kwa sababu binamu alichomoa kizibo namba 1 halafu namba 2, na joka likafika vichwa saba. Mhusika wake akaumwa, akalala chini. Safari hii sikutunza kitu. Nilitupa kombora la kwanza, la pili, na yalipoisha nikachukua kijinga kama mtu mwingine yeyote, zamu baada ya zamu nachoma panapokatwa. Vichwa vikawa sita, vitano, vitatu. Mdogo wangu akachomoa 19 na pointi za mwisho zikaisha. Alipiga kelele mpaka kuku wakatoka bandani. Baba akauliza, "Limekufa?" Tukasema limekufa. Akasema, "Vizuri. Sasa mtu akalete kuni, maharage hayajaiva."

Nilikwenda mimi kuleta kuni. Nikakaa kule nyuma muda mrefu kuliko kuni zilivyohitaji.

Usiku, wengine walipolala, nilimkuta baba barazani anasikiliza redio. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu, yana mwalimu mkali na ratiba mbaya na malaria. Yote yakanipotea. Nikasema, "Baba, hakuna mafunzo. Nina sapu tatu. Matokeo yalitoka zamani."

Akazima redio. Alikaa kimya kiasi kwamba nilisikia mbuzi anatafuna.

"Tangu lini?"

Nikamwambia tangu lini. Nikamwambia na uongo wote, mmoja mmoja, nikiutoa kwenye ile orodha ya simu. Sitadanganya kwamba alinikumbatia. Alikasirika, na kilichomkasirisha zaidi si sapu, ni kwamba mama alishawatangazia wanakwaya. Aliniambia nitamwambia mama mwenyewe, asubuhi, kabla ya chai. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Wenzako waliofaulu hayo masomo, umewauliza walisomaje?"

Sikuwa nimemuuliza hata mmoja. Nilikuwa naona aibu.

Mbuzi aliuzwa. Safari hii nilijua anauzwa kwa ajili gani, na baba alijua. Nilirudi chuo wiki mbili kabla ya mitihani, nikawatafuta watu watatu waliofaulu, na mmoja wao, ambaye tulikuwa hata hatusalimiani, alikaa nami kila jioni kwenye vimbweta mpaka taa zikazimwa. Nilifaulu mbili. Ya tatu nimeikeri, nitaifanya mwaka huu. Matokeo yalipotoka nilimpigia baba dakika hiyohiyo, kabla sijamaliza kusoma ukurasa.

Naandika haya kwa sababu najua sipo peke yangu. Katika hosteli hizi wapo wenye orodha kama yangu kwenye simu. Kwa mtu huyo sina ushauri wa kisomi. Namwambia tu yale aliyoyasema utingo mstaafu akiwa anapukuchua mahindi: uliza njia ikoje, na usiondoke peke yako.

Na kama unataka kucheza, tupo Jumamosi jioni, chumba kilekile. Binamu yangu alibaki na kizibo namba 1 kwa hasira, kwa hiyo tunahitaji kingine. Njoo nacho.