Paka wa Gredi, Paka wa Kienyeji

Tangu niposti video ya Obambla, swali ni lile lile: "Bro, huyo ni paka wa aina gani?" Shida ni masikio. La kulia limesimama kama la paka yeyote. La kushoto limelala mbele, limejikunja kama samaki aliyekaa juani, na ndiyo maana nikampa hilo jina. Wajuaji walishaamua: Scottish Fold. Mmoja hata alitaka kunipa elfu kumi na tano.

Wadau, huyu nilimtoa Homa Bay, pale samaki wanaposhukia ziwani. Mama mmoja muuza samaki aliniambia, "Kijana wangu, mchukue tu, hana mwenyewe." Nikamweka kwa katoni, matatu hadi Rongo, nyingine hadi Migori. Sasa paka wa Scotland angefikaje huko?

Scottish Fold wote wanatokana na paka mmoja, Susie, aliyeonekana kwenye shamba huko Scotland mwaka 1961. Jeni yao hukunja masikio yote mawili, na hayo huanza kulala mtoto akiwa na wiki tatu hivi. American Curl naye, aliyeanzia California mwaka 1981, masikio yake hupinda kwenda nyuma. Obambla ni sikio moja tu.

Daktari wa mifugo hakuhitaji hata dakika tano. Utitiri, akasema. Vile vijidudu hufanya paka ajikune na kutikisa kichwa mpaka mshipa unapasuka ndani ya sikio. Damu inajaa kati ya ngozi na gegedu, sikio linavimba, na lisipotibiwa linapona likiwa limesinyaa. Halafu akafungua lile la kulia, lile "zuri". Ndani kulikuwa na uchafu mweusi kama unga wa kahawa. Utitiri bado ulikuwa kazini. Yaani wakati sisi tunabishana kuhusu nasaba, sikio la pili lilikuwa njiani kuharibika.

Na hata angekuwa Fold wa kweli, hiyo si sifa. Jeni inayokunja sikio huharibu gegedu mwili mzima, na wengi wao huishi na maumivu ya viungo. Nyinyi mnasema "cute", yeye anaumwa.

Nilipomjibu yule mnunuzi, akaandika, "Kumbe ni wa kienyeji," akapotea. Hapo ndipo nilichoka. Kuku wa kienyeji tunamlipia zaidi ya wa gredi, tena tunamsifu mchuzi. Paka wa kienyeji hana bei, hana jina, na akiugua hakuna wa kumpeleka popote.

Na tunaye wetu mwenye jina. Kule Kilifi, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, Wagiriama walimjua zamani paka mwenye manyoya kama gome la mti, wakimwita kadzonzo. Mwaka 1978 Jeni Slater, aliyekuwa akiishi huko, akaokota watoto wake akaanza kuwafuga. Mwaka 1984 wengine wakapelekwa Denmark. Leo dunia inamwita Sokoke, na ana vyeti. Uchunguzi wa jeni ukamweka karibu na paka wa mitaani wa pwani, kama wale wa Lamu. Kilichobadilika ni kwamba kuna mtu alimwangalia vizuri, akaandika.

Kwa hivyo ukiokota paka mwenye sikio la ajabu, angalia hivi. Ncha ya sikio imekatwa kwa mstari ulionyooka? Huenda alishahasiwa na watu wanaohudumia paka wa mitaani. Limevimba kama puto, au ndani kuna uchafu mweusi? Mpeleke kwa daktari wa mifugo wiki hii, usingoje. Usimtilie mafuta ya kupikia wala spiriti.

Obambla ametiwa dawa, hajikuni tena. Sikio la kushoto litabaki hivyo. Aina yake? Kienyeji, na hauzwi.