Shahada ya Mtu Aliye Kazini

Utumishi wangu wote umekuwa katika ustawi wa jamii, ngazi ya halmashauri, na sehemu kubwa ya kazi hiyo imehusu watu wenye ulemavu: utambuzi, rejista, barua za msamaha wa matibabu, vifaa saidizi, mikopo. Shahada ya uzamili ya masomo ya ulemavu niliisoma nikiwa katika kiti hichohicho, kwa masafa, nikichukua nusu ya mzigo wa mwanafunzi wa kawaida, bila ruhusa ya masomo. Wenzangu wengi waliiona kuwa njia ya mtu aliyekosa ufadhili. Mimi nashikilia kinyume chake. Katika fani hii, kusoma huku unafanya kazi ndiyo njia yenyewe, na anayepelekwa darasani mwaka mzima mbali na ofisi yake hukosa kitu ambacho maktaba haiwezi kumpa. Sisemi hivyo kuhusu upasuaji wala uhandisi wa madaraja. Nasema hivyo kuhusu masomo ya ulemavu, kwa sababu ya namna yalivyozaliwa na kwa sababu ya kile yanachodai kukifanya.

Hayakuzaliwa chuoni. Mwaka 1972 Paul Hunt, Mwingereza aliyekuwa ameishi miaka mingi katika makao ya kulelea watu wenye ulemavu, aliandika barua katika gazeti la The Guardian akiwaita wenzake waunde umoja wao. Umoja huo, uliojulikana kwa kifupi kama UPIAS, ulimpata pia Vic Finkelstein, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyewahi kufungwa kwa kupinga ubaguzi wa rangi kabla ya kuhamia Uingereza. Mwaka 1976 ukachapisha andiko fupi lililogeuza hoja juu chini: hitilafu ya mwili ni jambo moja na ulemavu ni jambo jingine, kwa kuwa ulemavu ni kile ambacho jamii inamwongezea mtu juu ya hitilafu yake inapomfungia nje ya shughuli zake. (Mtu aliyetoka katika nchi ambako milango na mabasi viligawiwa kwa rangi ya ngozi hakuhitaji kufundishwa kwamba kizuizi hujengwa na watu.) Wakati huohuo, mwaka 1975, Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilianzisha kozi kuhusu mtu mwenye ulemavu katika jamii, na Finkelstein akawa miongoni mwa walioifundisha. Kozi ile ilisomwa kwa masafa, na watu waliokuwa na kazi zao waliisoma majumbani. Ilifanyiwa marekebisho mara mbili kabla ya kufungwa mwaka 1994, na kufikia mwisho hata jina lake lilikuwa limehama kutoka kwa mtu mwenye ulemavu kwenda kwa jamii inayolemaza. Naye Mike Oliver, mtumiaji wa kiti mwendo aliyekuja kuwa profesa wa kwanza wa masomo haya Uingereza, aliupa mtazamo wa kijamii wa ulemavu jina na umbo katika kitabu cha mwaka 1983 kilichoandikwa kwa ajili ya maafisa ustawi wa jamii. Miaka ishirini baadaye aliwakumbusha wanazuoni waliokuwa wakiuchambua mtazamo huo kwamba ni nyundo, na nyundo haijadiliwi bali hupigiwa misumari. Chuo Kikuu cha Cape Town kilipoanzisha masomo haya katika ngazi ya uzamili mwaka 2003, nacho kiliwalenga watu waliokuwa tayari katika kazi na harakati. Kwa hiyo anayesoma jioni baada ya kufunga ofisi hayuko pembezoni mwa fani hii. Yuko pale ilipoanzia.

Lakini asili haitoshi kuwa ushahidi. Ushahidi wenye uzito uko kwenye kazi. Chukua mikopo ya asilimia 10. Sheria ya Tanzania inazitaka halmashauri zitenge sehemu hiyo ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Katika uzoefu wangu, fungu hilo la 2 ndilo gumu kuliko yote kulifikisha kwa walengwa, na maelezo ya mazoea ofisini ni kwamba walengwa hawana mwamko, kwa hiyo waandaliwe semina ya ujasiriamali. Hayo ni maelezo yanayoanzia kwa mtu. Aliyesoma mtazamo wa kijamii anaanzia kwenye fomu. Nani aliamua kwamba mwombaji lazima awe ndani ya kikundi, na kiziwi aliye peke yake kijijini aunde kikundi na nani? Tangazo lilitolewa kwa kipaza sauti au kwa karatasi ubaoni, na ni nani aliyeachwa na kila njia? Asiyeona anayekuja makao makuu ya wilaya na mtu wa kumwongoza analipa nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, mara ngapi, kabla ya kuambiwa kuna sahihi moja imekosekana kutoka kwa mtendaji wa kata? Masharti ya kikundi yalikuja kulegezwa kwa watu wenye ulemavu. Kulegezwa huko ni kukiri kwamba tatizo lilikuwa kwenye kanuni, wala halikuwa kwenye mwamko wa mtu yeyote.

Hapa ndipo faida ya kusoma ukiwa kazini inapoonekana, na inakwenda pande mbili. Mwanafunzi wa kutwa husoma mtazamo huu mwezi Oktoba na kuutumia mwaka mmoja baadaye, ukiwa umeshageuka kuwa aya za kujibia mtihani. Mtumishi husoma usiku, na asubuhi fomu ziko mezani. Pia fomu humrudisha kwenye kitabu akiwa na maswali ambayo mwalimu hakuyatarajia. Zipo siku ambapo maumivu ya mwili wa mtu ni maumivu tu, na mteremko wa zege wa kupitishia kiti mwendo hauyaondoi. Jenny Morris na Liz Crow, wanawake wenye ulemavu wenyewe, waliandika hivyo katika miaka ya 1990, na Tom Shakespeare akaendeleza ukosoaji huo katika kitabu chake cha mwaka 2006. Mtumishi halazimiki kungoja wiki ya kumi ya muhula ili afikie ukosoaji huo. Anaukuta katika foleni ya wanaoomba barua ya rufaa.

Mfano wa pili ni takwimu. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilitoa asilimia 2.2 ya watu wa miaka 5 na kuendelea kuwa na ulemavu. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilitoa asilimia 11.2 kwa wenye miaka 7 na kuendelea. Watu wa pande mbili za mpaka wa Namanga hawatofautiani kiasi hicho kwa miili. Tofauti kubwa iko kwenye namna ya kuuliza na mahali mstari ulipochorwa: je, anahesabiwa mwenye ugumu kiasi wa kuona au kutembea, au yule tu mwenye ugumu mkubwa? Shirika la Afya Duniani linakadiria asilimia 16 kwa dunia nzima, tena kwa kipimo chake. Darasani hili ni somo la mbinu za utafiti, na hupita upesi. Kwa afisa anayetunza rejista ya halmashauri ni swali la bajeti, kwa kuwa mstari atakaouchora yeye pamoja na watendaji wa vijiji ndio utakaosema viti mwendo vingapi viombwe, na ni nani ambaye hataandikwa kwa sababu ulemavu wake hauonekani kwa macho. Nimesoma ripoti nyingi zilizoandikwa na watu wenye shahada nzuri kuliko yangu ambazo huweka tarakimu hizi mbili bega kwa bega na kulaumu nchi moja kwa kuficha watu wake. Mwandishi aliyewahi kujaza dodoso la aina hiyo mwenyewe hafanyi hivyo.

Sasa mapingamizi. La kwanza ninalolisikia ni kwamba haya yote ni mawazo ya Waingereza waliokuwa wakigombana na makao yao ya matunzo, na sisi hatuna makao hayo. Kuna kweli kubwa hapo. UPIAS ilikuwa na dola mbele yake, dola yenye fedha, taasisi na wataalamu waliopanga maisha ya watu. Kijijini kwetu mwenye ulemavu mara nyingi hatunzwi na taasisi yoyote. Anatunzwa na mama, bibi au binti aliyeacha shule, na dola inalaumiwa kwa kutokuwapo. Benedicte Ingstad na Susan Reynolds Whyte waliweka Botswana, Tanzania, Uganda na Kongo katika mjadala huu kwa kitabu chao cha mwaka 1995 kuhusu ulemavu na utamaduni, na mwaka 2011 Helen Meekosha wa Australia akaandika wazi kwamba fani hii imesahau nchi zilizotawaliwa, ambako vita, ukoloni na umaskini huzalisha hitilafu zenyewe. Lakini pingamizi hili linaniunga mkono. Ikiwa nadharia imekatwa kwa kipimo cha mwili mwingine, anayeweza kusema inabana wapi ni yule anayeivaa kila siku. Mwanafunzi aliyehamishiwa Ulaya kwa mwaka mzima ana hatari ya kurudi akilitafuta Le Court, makao alimoishi Hunt, katika wilaya isiyo na makao hata moja.

La pili ni kwamba kusoma kwa muda mrefu na kwa vipande huzaa maarifa mepesi, na kwamba mtu aliyechoka hasomi. Uchovu siubishi. Mtumishi mwenye watoto husoma saa ambazo wengine wamelala, na ikiwa ni mwanamke, kwa kawaida husoma baada ya zamu ya pili ya nyumbani. Lakini wepesi wa maarifa haupimwi kwa saa za kukaa maktaba. Unapimwa kwa tasnifu, na tasnifu ya mtumishi ina faida ya kumwezesha kurudi uwanjani mara nyingi anavyotaka. Zaidi ya hapo, mzigo wa nusu ndio unaowawezesha watu wengi wenye ulemavu kusoma kabisa: anayepata matibabu ya mara kwa mara, anayesubiri kitabu kigeuzwe kuwa nukta nundu, anayelazimika kugawana mkalimani mmoja wa lugha ya alama na wenzake. Ibara ya 24 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2009, inataja elimu ya juu na elimu ya watu wazima pamoja, na kudai marekebisho yanayofaa. Ratiba ni mojawapo ya marekebisho hayo. Wanaosema tayari tuna elimu maalumu nawajibu kwa ufupi: elimu maalumu huuliza mtoto huyu afundishweje, na masomo ya ulemavu huuliza kwa nini shule ilijengwa kana kwamba hatakuja.

Pingamizi zito ni la tatu, na linatoka kwa watu wenye ulemavu wenyewe. Kwa nini fedha na nafasi zimwendee afisa, mtu ambaye tayari ana meza, mhuri na uwezo wa kuwakatalia? Oliver mwaka 1992 alizishutumu tafiti za ulemavu kwa kuwa zinamnufaisha mtafiti na kumwacha mtafitiwa alipokuwa. Shahada yangu imenipandisha daraja. Haijampandisha yeyote aliyekuwa katika sampuli ya tasnifu yangu. Sina jibu la kulifuta hilo, na namshuku yeyote anayedai analo. Ninachoweza kusema ni kwamba ulazima wa kurudi ofisini kesho yake unaweka uwajibikaji ambao mtafiti mgeni hana: niliowahoji wananijua nilipo, na wanaweza kuniuliza mbele ya kamati ya watu wenye ulemavu ya kata nilichoandika na kilichotokana nacho. Hilo halitoshi, hivyo viti vya kwanza katika darasa lolote la namna hii vinapaswa kuwa vya viongozi wa vyama vya watu wenye ulemavu, wengi wao wakiwa nao ni watu wa kazi na familia wasioweza kuhamia mjini kwa mwaka.

Nchi yetu ina Chuo Kikuu Huria tangu sheria ya mwaka 1992, ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na ina maafisa ustawi wa jamii katika halmashauri zake. Nawaomba wakuu wa vyuo waanzishe stashahada ya uzamili ya masomo ya ulemavu inayosomwa kwa masafa na vipindi vya likizo, yenye wakalimani na matini za nukta nundu tangu siku ya kwanza, na inayoruhusu tasnifu kwa Kiswahili ili waliotafitiwa waweze kuisoma. Nawaomba pia maafisa utumishi waache kulitambua somo pale tu mtumishi anapoondoka kituoni. Anayesoma akiwa kituoni naye alipiwe ada, na apunguziwe saa za kazi wiki ya mitihani.