Kuita Ng'ambo

Kati ya "funga" na "fungua" kuna herufi moja tu, na herufi hiyo ilitupotezea siku nzima ya kazi masika ya 2017. Mwenzangu alikusudia kuyafungua mawasiliano na seva, kidole kikaruka, akayafunga. Kwa kuwa kufunga kitu ambacho hakijafunguliwa hakukuhesabiwa kosa kwenye programu yangu, kihariri kilinyamaza kimya. Madodoso ya vitongoji viwili yakapita bila kulinganishwa na chochote. Jioni ileile nilibadili jina. Funga ikawa Agana.

Hiyo ndiyo kazi iliyokula ujana wangu hapa Ifakara: kutafuta maneno machache ambayo kihariri matini kingeyatumia kuongea na kompyuta nyingine kwa njia ya soketi, yaani ncha ya mawasiliano ya mtandao. Nikiulizwa msibani nafanya kazi gani, nilijibu "takwimu", na hakuna aliyeshangaa. Ifakara ni mji uliozoea kuhesabiwa. Rudolf Geigy, Mswisi, alifika bonde la Kilombero 1949, na katika miaka ya 1950 ikasimama maabara ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Tangu 1996 wadadisi walikuwa wakipita kaya kwa kaya kila miezi minne, Kilombero na Ulanga, wakiuliza nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama. Bibi wa hapa atakutajia tarehe za kuzaliwa za wajukuu wake kabla hujafungua kalamu.

Ofisi yetu ilikuwa nyingine, ndogo, ya kuhakiki madodoso ya kaya kwa mkataba. Seva ilikuwa mjini. Wahakiki wengine walikaa upande wa Ulanga, ng'ambo ya mto Kilombero, na kompyuta zilizochoka. Hatukuwa na fedha ya programu kubwa, hivyo madodoso yaliandikwa kama matini tupu, mstari mmoja mtu mmoja, na yakahakikiwa ndani ya kihariri kiitwacho Vim.

Vim niliipenda kwa sababu mbili. Kwanza, ilikubali kuishi kwenye mashine yoyote. Pili, ukiifungua bila faili, skrini yake ya kwanza hukuomba uwasaidie watoto wa Uganda. Nilidhani ni utani wa wazungu, nikasoma maelezo yake usiku mmoja. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeiandika, alifanya kazi ya maji na usafi Kibaale, kusini mwa Uganda, mwaka 1994, akaona mayatima walioachwa na ukimwi, na tangu hapo, kwenye programu yake aliyoitoa bure, akawa akiomba anayeipenda achangie kituo cha watoto cha huko. Kibaale si mbali na mpaka wetu. Nilijisikia kama nimekuta jina la jirani kwenye kanga iliyotoka Japani.

Kwa nini kihariri kiongee na seva? Kwa sababu ya mpunga. Mvua zikianza, watu wa bonde huhamia shamba, hujenga kibanda, husimamisha dungu la kufukuzia ndege, na hukaa huko miezi kadhaa. Mdadisi akienda nyumbani anaambiwa mtoto yupo, kaenda shamba. Mdadisi mwingine akifika shamba anamkuta mtoto, anamwandika. Mtoto mmoja, mistari miwili. Mhakiki alipaswa kuuona mstari na kuuliza papo hapo: huyu tunaye tayari?

Toleo langu la kwanza lilikuwa la kungoja. Mhakiki akibonyeza kitufe, kihariri kinauliza, kisha kinasimama hadi kijibiwe. Pale ofisini, seva ikiwa chumba cha pili, jibu lilirudi kabla kidole hakijainuka, nami nikajiona fundi. Masika yalipoingia, ng'ambo ikaniumbua. Simu ikalia saa nne asubuhi. Alikuwa mama mhakiki, mtu mzima aliyewahi kufundisha shule ya msingi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, kompyuta yako imeganda. Herufi hazitoki, kishale hakitembei. Nimeshakunywa chai mara mbili."

Nilipanda bodaboda mpaka Kivukoni, nikakuta pantoni ipo upande wa pili. Nikakaa ukingoni na wauza samaki. Nimekulia pale. Kabla sijajua kusoma nilijua kuita mtumbwi: unasimama, unapaza sauti, unamtazama mpiga kafi wa ng'ambo. Akiinua kafi juu, amesikia. Basi unakaa zako, unamenya muwa, unafua, unaendelea na mambo. Asipoinua, unaita tena. Sijapata kumwona mtu aliyesimama mdomo wazi mpaka mtumbwi ufike. Hayo yote nilikuwa nayajua, na bado niliandika programu inayosimama mdomo wazi.

Nilipofika, ikawa kama nilivyohofu. Wengi hudhani soketi ikikatika hujua kwamba imekatika. Upande mmoja ukitoweka ghafla bila kuaga, upande wa pili hubaki umeshika ncha ya kamba ukidhani mwenzake bado ameshika ya kwake. Kama hauna la kutuma, utangoja hadi kiama. Linux ina utaratibu wa kuitikisa kamba kuona kama mwenzio yupo, lakini hauanzi mpaka uuombe, na hata ukiuomba, kwa kawaida hukaa sekunde 7,200 za ukimya ndipo itikise mara ya kwanza. Sekunde 7,200 ni muda wa wali kupikwa, kuliwa na vyombo kuoshwa.

Kosa la pili alinionyesha mama siku hiyohiyo, akicheka. Kwenye kaya moja palikuwa na msichana, tuseme aliitwa Mwanaidi. Skrini ya mama ilionyesha watu wawili: Mwana, na Idi. "Nyumba hii imezaa bila mimba," akasema. Nililitambua kosa nikiwa bado nimesimama mlangoni. TCP, itifaki iliyobeba soketi zetu, huleta baiti kama mto unavyoleta maji, haikuletei ndoo. Ulichotuma kwa mkupuo mmoja kinaweza kufika vipande viwili, na viwili vikafika vimeungana. Anayetaka ndoo azitengeneze mwenyewe: aandike urefu wa ujumbe mbele yake, au aweke alama ya mwisho. Mimi nilikuwa nachota kilichopo na kukiita ujumbe.

Nilijaribu kurekebisha kwa viraka, nikiunganisha Vim na hati za Python, mpaka Septemba 2016 lilipotoka toleo la 8.0. Humo Moolenaar alikuwa ameweka kile nilichokuwa nakihangaikia, akakiita chaneli. Kihariri hufungua soketi, hutuma, huendelea na kazi. Jibu likija, huita amri uliyoiandaa. Ujumbe husafiri kwa JSON, kila mmoja na namba yake, na jibu hurudi na namba ileile, kama karatasi ya foleni ya hospitali. Seva ikitaka kuanza mazungumzo yenyewe, hutumia sifuri. Ujumbe usiotimia hungojewa utimie. Mwanaidi hakatwi tena.

Nilitupa karibu kila kitu nilichokuwa nimeandika. Iliuma kidogo.

Kilichobaki kuwa changu kilikuwa tabaka jembamba la juu, kwa ajili ya wahakiki na vijana wawili walionisaidia. Vim inataka jina la amri unayoitunga mwenyewe lianze kwa herufi kubwa, hivyo: Fungua, Tuma, Ukijibiwa, Ukikatika, na ile Funga iliyokuja kutuponza. Tano. Nilizitunga kwa Kiswahili kwa sababu makosa ya wahakiki yalikuwa ya lugha kabla ya kuwa ya kompyuta, na kwa sababu "Ukikatika" humlazimisha anayeandika ajiulize atafanya nini ikikatika. Kuiacha tupu sikuruhusu. Huwezi kuita Fungua kabla hujasema ikikatika utafanyaje. Vijana walilalamika sana.

Mkuu wangu alitaka ya sita, Ngoja. Alikuwa na hoja: Vim yenyewe inayo, ch_evalexpr hungoja na ch_sendexpr haingoji, na ile inayongoja hukata tamaa baada ya milisekunde 2,000. Nilikataa. Ngoja ni rahisi kuifikiria, na kilicho rahisi kukifikiria ndicho kila mtu angekitumia saa kumi jioni akiwa amechoka. Tulibishana wiki nzima. Sina hakika kama alikubali au alichoka, lakini Ngoja haikuwekwa.

Majina ya watu nayo hayakupita mto uchi. Soketi zote zilipita ndani ya bomba la ssh. Hilo halikuwa na ubishi.

Mama ndiye aliyenirekebisha mara ya mwisho, kuhusu Agana. Nilipomweleza kwamba kufunga sasa kunaitwa hivyo, aliniuliza: "Na ng'ambo wanasemaje?" Nikamwambia hawasemi kitu, mstari unakatwa tu. "Basi huko si kuagana. Mtu huagana na mtu." Nilicheka, kisha usiku nikakosa usingizi, kwa sababu alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Ukikata ghafla, mistari ya mwisho iliyotumwa huenda haijaandikwa upande wa pili, wala hutajua. Kesho yake Agana ikawa inatuma ujumbe wa mwisho, inangoja seva iseme imeandika kila kitu, kisha inafunga. Isipojibiwa ndani ya sekunde tatu, inaandika kwenye skrini: "Ng'ambo kimya. Hifadhi nakala." Ndiyo, inangoja. Mkuu wangu hakuacha kunikumbusha.

Mwaka 2018 Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, likazinduliwa juu ya mto, na safari iliyokuwa ikinila nusu siku ikawa ya dakika chache. Mtandao haukupita darajani; uliendelea kukatika kila mvua. Lakini wadadisi nao walikwisha kupewa vishikwambi, dodoso likajihakiki lenyewe pale mlangoni mwa kaya, na mistari ya kuhakiki ikapungua mwezi hadi mwezi. Mama akastaafu, akarudi kwenye mpunga wake.

Siku tuliyofunga ofisi ya ng'ambo nilivuka kwenda kuzichukua mashine. Niliifungua ya mama, nikaandika Agana, nikabonyeza. Nilikuwa nimesahau kwamba seva niliizima mwenyewe asubuhi. Kishale kikapepesa, moja, mbili, tatu, kisha chini ya skrini yakatokea maneno yangu mwenyewe. Ng'ambo kimya. Hifadhi nakala. Nikachomoa waya, nikaifunga mashine kwa kamba nyuma ya bodaboda.