Kanisa la Magogo na Programu Kuukuu

Ukitaja Ufini mbele ya wanaprogramu, wengi watakujibu Linux, maana Linus Torvalds aliianzia Helsinki mwaka 1991. Wengine watakumbuka simu za Nokia. Leo nataka tuachane na tarakilishi kidogo twende Petäjävesi, kijiji cha maziwa na misitu katikati mwa nchi hiyo, penye kanisa moja la Kilutheri ambalo limenikaa akilini.

Lilijengwa kati ya 1763 na 1765, Ufini ikiwa bado chini ya Uswidi. Fundi wake, Jaakko Klemetinpoika Leppänen, alikuwa mtu wa mashambani, si msanifu wa mjini. Lakini hebu tazama kazi yake! Jengo lina umbo la msalaba, mtindo uliotoka kwenye makanisa ya mawe ya miji mikubwa ya Ulaya. Dari limepinda kama tao, na katikati pana kuba la pembe nane. Yote hayo kwa magogo ya msonobari. Ncha za magogo zilichongwa zikaumana pembeni, mfano wa vidole vya mikono miwili iliyofumbatana.

Mwaka 1821 mjukuu wake, Erkki Leppänen, aliongeza mnara wa kengele. Kwa lugha yetu, moduli mpya iliyounganishwa bila kubomoa kazi ya babu.

Mwaka 1879 waumini walipata kanisa jipya, la zamani likaachwa. Mnara na makaburi tu ndivyo vilivyoendelea kutumika. Ajabu ni kwamba kuachwa huko ndiko kulikoliokoa: hakuna aliyepata sababu ya kulifanya la kisasa. Ila msinielewe vibaya, kutelekeza si kutunza. Paa la mbao lisipoangaliwa huvuja, na mbao huoza. Katika miaka ya 1920 mafundi walilikarabati kwa mbinu zile zile za kale, na mwaka 1994 UNESCO ikaliingiza katika Urithi wa Dunia.

Sasa, kwa nini nawasimulia haya? Nina mteja anayetaka nitupe programu yake ya mishahara niiandike upya. Ni kuukuu kweli, na sura yake haipendezi. Lakini nimeisoma mstari kwa mstari: hesabu zake ni sahihi, na aliyeiandika alijua alichokuwa akifanya. Kuandika upya kungenilipa vizuri zaidi, na mwezi huu pesa hizo ningezihitaji sana.

Hata hivyo nimemshauri tuzibe panapovuja, tuongeze mnara wa ripoti kando, na magogo tuyaache. Huenda akampa kazi mtu mwingine. Sawa tu. Leppänen mjukuu angeweza kuangusha kanisa la babu yake ili ajenge lake. Alijenga mnara, na jina lake bado linatajwa.

Wewe je, ungemshauri vipi?